Beseni la Umande

Mwanamume aliyekosa akija kwako, unatarajia aje na mdomo mzito. Khamala alikuja na mdomo mwepesi. Alisimama mlangoni pa Ndanu Alhamisi ile saa tisa mchana, mfuko wa nailoni umekunjwa mkononi, hakubisha hodi, hakusalimu, akasema:

"Nimekuja kuchukua beseni yangu."

Basi. Wiki saba hawajaonana. Wiki saba Nairobi nzima inalala na nguo za kutokea, tayari kukimbia, halafu mtu anatoka Kibera kwa miguu mpaka Kawangware kudai beseni. Kweli kuna watu na viatu!

Ndanu alikuwa ameketi kitandani akimsuka mama yake. Mama huyo, Wanza, alikuwa amekuja kutoka kijijini Masii mwezi wa kwanza kumuuguza mwanawe Munyao, kaka mkubwa wa Ndanu, na tangu hapo hakuwa amerudi. Alikaa chini kwenye mkeka, katikati ya magoti ya bintiye, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka, sinia ya ndengu mapajani akitoa mawe. Redio ndogo juu ya kabati ilikuwa ikiimba kwa sauti ya chini. Khamala alipotokea, vidole vya Ndanu viliukaza msuko mpaka mama akaruka.

"Aiya! Unaning'oa kichwa!"

"Pole, mwaitu."

Moyo wake, ule msaliti, ulikuwa umeruka kwa furaha kabla hajaukataza. Alimwona Khamala amekonda, shati lake la kazi la kijani limemning'inia mabegani, na macho yale yale makubwa yanayokutazama polepole kama mtu anayesoma barua. Alitamani ainuke amkumbatie. Alitamani pia amtupie sinia ya ndengu usoni. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Beseni gani?"

"Ndanu, usinianze. Ile ya umande. Kesho asubuhi napanda basi naenda kwetu Bungoma, na sijui kama nitarudi. Nipatie niende."

"Salamu ziliisha Kibera?"

"Sikukuja kusalimiana."

"Hata mimi naona."

Sasa nikueleze habari ya umande huu, maana ndio uliowaleta pamoja, na siku hiyo ndio uliotaka kuwatenganisha. Khamala alikuwa akiuza miche kando ya Barabara ya Ngong. Mwaka uliotangulia Ndanu alipita pale kutafuta ua la kuweka saluni anakofanya kazi, pale stegi ya matatu ya Fifty-six, akalalamika kwamba nzi wanamfukuzia wateja. Khamala alicheka, akainama nyuma ya meza yake, akatoa kopo lenye mmea mdogo kuliko kiganja. Majani yake yalijaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kilibeba tone linalong'aa, kama umande wa alfajiri, ilhali ilikuwa saa saba mchana na jua kali. Katikati ya jani moja palikuwa na nzi, amenata, na jani limemkunjia vidole.

"Inamfanya nini?" Ndanu aliuliza.

"Inamkula. Pole pole. Kwanza inamkumbatia."

"Ngai! Na wewe unauzia watu kitu kama hiyo?"

"Hii siuzi. Ni ya kwetu, inamea kwa kinamasi nyuma ya nyumba ya kukhu, nyanya yangu. Nakuonyesha tu ndio usiende haraka."

Hapo ndipo Ndanu naye aliponata. Penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika, na kufikia Desemba stegi nzima ilijua kwamba yule msusi wa Kikamba ana Mluhya wake wa maua.

Siku mbili kabla ya Krismasi, Khamala alikuja katika chumba hiki hiki na beseni jeupe lenye udongo mweusi wa kinamasi aliouchanganya na mchanga uliooshwa mara saba, na karatasi iliyokunjwa yenye mbegu laini kama ugoro. Akamfundisha. Mbegu hizi hazifukiwi, zinalazwa juu tu, zinataka mwanga. Hazitiwi mbolea, mbolea inaziunguza. Hazinyweshwi maji ya mfereji wala ya kisima, maji hayo yana chumvi yake. Ni maji ya mvua peke yake. Unafunika na nailoni, unangoja mwezi mzima au zaidi bila kuona kitu, na hukati tamaa.

"Na usipumue," alimalizia. "Pumzi ikikutoka, mbegu zimeenda."

Waliinamia beseni vichwa vyao vikigusana, wamebana pumzi wote wawili, Khamala akigonga karatasi kwa ncha ya kidole. Ndanu alisikia joto la shavu lake. Alivumilia, akavumilia, mwishowe akakimbilia nje akicheka na kutweta, na Khamala akamfuata. Jioni hiyo ndipo walipoafikiana kwamba mwezi wa kwanza wajomba zake Khamala watapeleka Masii mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba, mbuzi hao wakishapokelewa nyumbani kwa msichana, huyo ameshakuwa mke wa mtu, mengine ni sherehe tu. Mbegu zilizobaki Khamala alizikunja kwenye karatasi, akamwekea Ndanu kiganjani.

"Hii ni akiba," alisema.

Wiki moja baadaye kura zilitangazwa, makabila yakageukiana, na kila kitu kikaungua, hata maneno.

"Hizo mbegu zilikufa," Ndanu alisema sasa, akichana nywele za mama yake bila kuinua macho.

"Zilikufa aje?"

"Mimi ndiye nilizizika," Wanza akadakia, wala hakuona haya. "Nilifika hapa nikakuta mbegu zimelala juu ya udongo kama zimeanikwa. Nikasema, ala, huyu alifunzwa kupanda na nani? Nikazifukia vizuri. Nikaokota samadi ya mbuzi wa huyu jirani, nikatia ya kutosha."

"Samadi?" Sauti ya Khamala ilipanda. "Ulitia samadi?"

"Kwetu, kijana, hata jiwe ukilitia samadi ya mbuzi litachipua."

"Mama, hiyo mmea ikiwekwa udongo mnono inakufa!"

"Mmea unakataa samadi lakini unakula nyama! Halafu nyinyi ndio mnasema Wakamba wana uchawi."

Nje ya mlango, Mildred, jirani aliyekuwa akifua nguo, aliacha kufua ili asikie vizuri.

Mambo yalikuwa hivyo kweli, ila Wanza hakuyamaliza, na Ndanu hakumsaidia kuyamalizia. Hakusema kwamba siku aliyokuta samadi kwenye beseni alilia kama aliyefiwa. Hakusema kwamba aliufukua udongo wote, akautupa, akaenda hadi kibanda cha miche kilichofungwa na kumbembeleza bawabu ampe mfuko mmoja wa ule udongo mweusi wa Khamala. Hakusema juu ya ile akiba aliyoitawanya mwenyewe, pumzi imembana, peke yake. Beseni lilikuwa pale pale nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama Khamala, na siku nane zilizopita lilikuwa limechipua.

Kwa nini hakumwambia? Kwa sababu alikuwa akingoja swali moja. Tangu tarehe tatu Januari alikuwa akilingoja. Siku hiyo, akiwa kwenye benchi la hospitali, kaka yake akipiga kelele ndani huku wakimwosha mkono, simu yake ilipokea ujumbe wa Khamala. "Uko salama? Umande uko aje?" Umande! Hakumjibu siku hiyo, hakumjibu tena.

"Ulimwacha makusudi," Khamala alisema. Alikuwa ameingia ndani sasa, mfuko wake wa nailoni ukichakacha ngumini. "Nilikufunza kila kitu. Ulimwangalia mama yako akizika kazi yangu ukanyamaza. Kama watu wako walikuambia uniache, ungeniambia, 'Khamala, sikutaki.' Hata kwa simu. Mimi ni mwanaume, ningesikia. Lakini kuua kitu changu!"

"Kuua?" Ndanu alisimama. Kitana kilianguka. "Wewe ndio wa kuniambia mambo ya kuua? Wiki saba, Khamala! Wiki saba, na umeingia hapa unaulizia majani!"

"Na wewe uliniuliza nini? Ulijua kama nimekula? Ulijua kama niko hai?"

"Uliza mkono wa Munyao!"

Redio peke yake iliendelea na wimbo wake. Khamala alishusha sauti.

"Nilisikia aliungua," alisema. "Pole. Siku hiyo sikuwa nyumbani."

"Hukuwa nyumbani."

"Nilikuwa kazi."

"Jumapili jioni? Tarehe thelathini? Ulikuwa unauzia nani miche?"

Munyao alikuwa seremala, na kibanda chake cha kazi kilikuwa Kisumu Ndogo, Kibera, hatua ishirini kutoka mlango wa Khamala. Wawili hao walikuwa wakinywa chai pamoja kila asubuhi hata kabla ya Ndanu kuwa kitu kwa Khamala.

"Wacha nikwambie vile ilikuwa, maana unaonekana umesahau," Ndanu alisema, na sauti yake ilikuwa chini sasa, mbaya kuliko ya kelele. "Walipochoma kibanda, Munyao alikimbia kwako. Akagonga mara ya kwanza. Redio ilikuwa inaongea ndani. Akagonga, na redio ikazimwa. Akagonga tena, akakuita kwa jina. Mara nne. Hakuna mtu alifungua. Akarudi peke yake kutoa vyombo vyake kwa moto, na paa ikamwangukia kwa mkono. Wa kulia, Khamala. Wa randa. Sasa niambie, redio hujizima?"

Aliuona uso wa Khamala ukivunjika. Hakukuwa na neno jingine la kuuelezea. Ulivunjika, na Ndanu, pamoja na hasira zake zote, aliumia kuuona.

"Vijana walikuwa wamepita mchana," Khamala alisema mwishowe, akiitazama sakafu. "Wakasema anayeficha Mkamba, nyumba yake ndio inafuata. Wakatuandikia alama milangoni. Niliposikia mlango... mkono ulienda kwa redio wenyewe. Niliogopa, Ndanu."

"Aaa," Wanza alisema, kama mtu aliyepata jiwe alilokuwa akilitafuta kwenye ndengu. "Basi tumejua. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wewe dhiki ilikuja ukaizimia redio."

"Mama, mimi..."

"Usiniite mama. Wajomba zako tuliwangoja Januari yote."

"Barabara zilifungwa! Wangepita wapi na mbuzi?"

"Kaloki amepata pa kupita. Kaloki wa duka la misumari, pale Masii. Jumamosi analeta mbuzi watatu, na mimi natakiwa nipige simu leo kabla jua halijatua kusema ndiyo."

Khamala alimgeukia Ndanu kwa haraka. Yale macho makubwa yalimsoma, na safari hii yalikuwa yakitafuta neno moja tu.

"Umekubali?"

Ndanu alitaka kusema hapana. Alikuwa na hapana hiyo tangu wiki iliyopita, amemficha mama yake, ameibana pale pale anapobania pumzi. Lakini je, angeimwaga mbele ya mtu aliyezimia kaka yake redio?

"Basi yako ni kesho," alisema. "Unaulizia ya nini?"

Khamala alikunja mfuko wake mara mbili, mara tatu, akautia mfukoni. Akageuka aende. Ndanu aliiona ile shingo yake, pale alipokuwa akimnyoa vinywele kila Jumapili. Wacha aende, alijiambia.

Lakini mlangoni palikuwa na mtu.

Munyao alikuwa ametoka kliniki kubadilishiwa bandeji. Alikuwa mrefu, akaujaza mlango, mkono wa kulia umefungwa mpaka kiwiko kama mkate ndani ya karatasi nyeupe. Alimtazama Khamala bila kupepesa.

"Niaje, Khamala."

"Munyao."

"Umekujia nini?"

"Beseni."

"Yaani ulitembea Kibera mpaka hapa juu ya beseni." Munyao alisonya. "Na mimi? Mimi huna kitu ya kuniambia?"

Mtu mwingine angepenya ubavuni akimbie, na kweli Ndanu alidhani atakimbia. Khamala alisimama. Aliibana mikono nyuma ya mgongo.

"Nilikuwa ndani," alisema. "Nilikusikia mara zote nne. Nilijua ni wewe. Nimemdanganya sista yako saa hii kwamba sikuwa nyumbani, lakini nilikuwa chini ya kitanda na redio kifuani. Niliogopa, Munyao."

"Hata mimi niliogopa," Munyao alisema. "Ndio maana nilikuja kwako."

Khamala alifunika uso kwa viganja. Wanza aliacha kuchagua ndengu.

Munyao alimpita, akaenda hadi dirishani na kulivuta pazia kwa mkono wa kushoto.

"Beseni ni yako," alisema. "Kilicho ndani ni changu. Na hakiendi Bungoma."

Akatoa mfukoni kioo kidogo cha kukuza vitu, kile alichokuwa akitazamia meno ya msumeno, kitu pekee alichookoa motoni. Akamnyooshea. Khamala alisogea kama mtu anayeitwa na hakimu, akafunua nailoni, akainama.

Kwa macho matupu ungedhani ni vumbi la kijani. Chini ya kioo ilikuwa ni miche kamili, kila mmoja sawa na kichwa cha pini, vijani viwili vitatu vya mviringo, na kwenye kingo vinywele vyekundu vimeanza, na kwenye kila kinywele tone.

"Thelathini na moja," Munyao alisema. "Nahesabu kila asubuhi, sina kazi ingine. Ndanu alipanda ile akiba yako. Mimi ndio nalinda, mama asilete samadi."

"Mtanikumbusha hiyo samadi mpaka kaburini," Wanza alinung'unika.

Khamala hakusikia. Alikuwa amebana pumzi. Alinyanyua macho juu ya beseni, yakakutana na ya Ndanu upande wa pili, na Ndanu akagundua kwamba yeye pia hajapumua tangu pazia lilipovutwa. Walitazamana hivyo, vifua vimesimama, na siku ile ya Desemba ikapita kati yao, vicheko vyake na joto la shavu, na wala hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kupumua.

"Ulipanda," Khamala alinong'ona. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilingoja uulize hali ya ndugu yangu kwanza."

Hilo lilimwingia kuliko matusi yote.

"Jua linashuka," Wanza alisema kwa nguvu, na akaishika simu. "Watu wa Kaloki wananingoja. Munyao, baba yako hayupo, wewe ndiwe utakayeshika kamba ya hao mbuzi. Niambie nipige nisipige."

Munyao aliuinamia mtungi wa lita tano uliokuwa chini ya dirisha, akautikisa. Ulikuwa mtupu. Akauweka miguuni pa Khamala.

"Maji ya mvua yamekwisha. Kuna mama anaitwa Njambi, mtaa wa Satellite, nyumba ya mabati ya bluu, ako na tangi ya maji ya paa. Anatupatia bure. Ndanu ameenda huko mara kumi na mbili."

"Mara kumi na mbili? Na hii hali?" Khamala aliuliza.

"Njiani kuna kona ina vijana. Wanauliza watu majina."

Khamala aliutazama mtungi. Kila mtu mle ndani alijua jina lake lilivyo na linakotoka, na vile ambavyo jina kama hilo la Kiluhya lingesikika kwenye kona ile mwezi ule. Alimtazama Ndanu.

"Wewe ulikuwa unawaambia unaitwa nani?"

"Ndanu."

Khamala aliuchukua mtungi akatoka.

Ndanu alirudi kitandani, akaokota kitana, akaendelea na nusu ya kichwa iliyobaki. Vidole vilikuwa vikisuka, masikio yako nje. Robo saa ikapita. Nusu saa. Munyao alikaa kwenye stuli amefumba macho. Kuna wakati kelele zilisikika mbali, za watu wengi, zikafifia, na Ndanu akasuka msuko mmoja mara tatu, kila mara akiufumua.

"Ameenda na mtungi wetu," Wanza alisema. "Hata huo tusahau."

"Mwaitu, tafadhali."

"Naongea ukweli. Miguu iliyojificha chini ya kitanda inajua njia ya stegi ya basi."

Saa ikapita. Kwenye ploti watu walianza kufunga milango, maana siku hizo hakuna aliyengoja giza. Munyao aliinuka akafunga mlango wao, akatia komeo. Mstari wa mwisho wa jua ulikuwa umepanda juu kabisa ukutani. Wanza alimaliza kusukwa, akajipapasa kichwa, akaitwaa simu na kuanza kubonyeza nambari ya Kaloki, polepole, kidole kimoja.

"Usipige," Ndanu alisema.

"Unangoja nini?"

"Siolewi na Kaloki. Hata huyu asiporudi." Ile hapana ilikuwa imemtoka hatimaye, na machozi yakaifuata. "Asiporudi nitalia, mama. Lakini siolewi na Kaloki."

Wanza alifungua mdomo kumjibu. Mlango ukagongwa.

Ndanu aliruka. Munyao aliunyoosha ule mkono wa bandeji mbele yake, akamzuia. Kisha akaenda kwenye kabati na kuizima redio.

Hata Wanza alielewa. Simu yake ilibaki imeinuliwa mkononi.

Mlango ukagongwa mara ya pili.

"Munyao," sauti ilisema nje. "Ni mimi."

Hatua za watu zilipita uchochoroni, nyingi, za haraka. Mara ya tatu mlango uligongwa kwa upole, karibu chini, kama aliyegonga alikuwa ameuegemea.

"Munyao, ni mimi. Najua mko ndani. Nimesikia redio."

Ndanu alikuwa akilia bila sauti. Alimtazama kaka yake. Kaka yake alikuwa akilia pia, macho wazi, taya limekaza. Mara ya nne.

"Hapo," Munyao alisema, "ndipo mimi niliondoka."

Akaushusha mkono. "Nyumba ni yako, Ndanu."

Walisikiliza. Hakuna hatua zilizoondoka. Ndanu alivuka chumba, akavuta komeo, akafungua.

Khamala alikuwa ameketi kizingitini, mgongo ukutani. Mdomo ulikuwa umepasuka, kola ya shati la kijani imeng'oka. Mtungi ulikuwa kifuani pake, ameukumbatia kwa mikono yote miwili, umejaa hadi shingoni, mfuniko umefungwa na kamba.

"Waliniuliza jina," alisema. "Nikawaambia."

"Isaac," Ndanu alisema. Ndilo jina alilokuwa akimwita wakiwa wema, na hakuwa amelitamka tangu Desemba. "Na basi ya kesho?"

"Itaenda na wengine."

Alimshika mkono akamwinua. Munyao aliupokea mtungi kwa mkono wa kushoto bila neno, akaenda nao dirishani. Wanza aliwatazama wote watatu, akaiangalia simu, akaifukia ndani ya sinia ya ndengu.

"Fungeni mlango basi," alisema. "Nzi wanaingia."